Upande wa Mtaro

Juzi nilipeleka pikipiki yangu kubadilishiwa oili hapa Migori mjini. Fundi alipofungua ile boliti ya chini na oili nyeusi ikaanza kushuka kwenye karai, nikajikuta nimeshika ukuta. Ni harufu tu. Fundi akaniuliza kama nimekunywa chai asubuhi, nikamwambia nimekunywa, tena na mandazi. Ninyi mliokulia kwenye boma lenye plau mtanielewa. Oili chafu ndiyo tuliyopaka kwenye nira ili mchwa wasiile, na ndiyo tuliyopaka kwenye shingo za ng'ombe zilizochubuka ili nzi wasitue. Utoto wangu wote ulinuka hivyo. Na tangu tumzike kaka yangu Owuor, huu ni mwezi wa pili, harufu hiyo hainipeleki tena kwa ng'ombe. Inanipeleka kwenye shingo yake.

Baba yangu alikuwa mfundishaji wa maksai. Kulima kila mtu alilima. Baba aliletewa ng'ombe wa watu wengine, wachanga, waliohasiwa juzijuzi, wasiojua kulia wala kushoto, na baada ya majuma machache aliwarudisha wakiwa wafanyakazi. Walitoka mbali, wengine hadi Kegonga kwa Wakuria, ambao nao kwa ng'ombe hawana mchezo. Lakini sifa yake hasa ilikuwa kuoanisha. Maksai wawili wanaofungwa nira moja lazima walingane mwendo, kimo na tabia. Ukimfunga mvivu na mwenye bidii, huyu mwenye bidii atavuta plau, atamvuta na mwenzake, na kabla ya mvua kuisha utamchinja. Baba alisimama nyuma yao, mikono mgongoni, akaangalia miguu ya nyuma kwanza, halafu shingo, halafu namna wanavyopumua. Kisha akasema, "Huyu na yule." Sikuwahi kusikia mtu akimbishia.

Mimi nilikuwa mtoto wa mwisho, msichana, na Mama alilalamika kwamba nashinda kwa ng'ombe kama sina nguo za kufua. Baba hakumsikiliza. Alikuwa akiniuliza, "Nyathina, unaona nini?" Mwanangu, unaona nini. Nami ningesema yule mwekundu anaficha mguu wa kulia, au huyu anapumua haraka kabla hata hajafanya kazi, na mara nyingi nilipatia. Akaanza kusema mbele ya watu kwamba Atieno ana jicho. Mtoto wa miaka tisa ukimwambia ana jicho, umemharibu. Nilitembea pale bomani kichwa juu, nikidhani kwamba ng'ombe walikuwa na nguvu kwa sababu sisi wawili tulisema wana nguvu. Niliamini kweli. Niliamini neno la Baba hutangulia na miguu ya ng'ombe hufuata.

Kuna mambo mawili ya kazi yake lazima niyaeleze, la sivyo hamtaelewa kilichotokea. La kwanza ni upande wa mtaro. Plau ikishapita mara moja inaacha mtaro, na safari ya pili ng'ombe wa kulia anatembea ndani ya ule mtaro huku wa kushoto akitembea juu, kwenye ardhi ngumu. Maksai mgeni Baba alimfunga kulia, siku zote. "Mtaro una ukuta," alisema. "Unamshika mgeni mkono. Hata akitaka kupotea, hawezi." Mkongwe alikaa kushoto, juu, penye kazi ya kufikiri.

La pili ni kulala. Wapo maksai wanaochoka wakajilaza mtaroni na nira shingoni, wakakataa katakata. Baba alikuwa na sheria: mwinue kabla hajavuta pumzi ya tatu. Akivuta ya tatu akiwa chini, ameshajua kwamba kulala kunamaliza kazi, na huyo umempoteza. Tuliwahi kuwa na mmoja aliyeitwa Silwal, mwekundu, mzuri wa kutazama, ambaye Baba alichelewa kumwinua siku moja kwa sababu alikuwa anazungumza na jirani. Silwal akajifunza. Mwishowe aliishia kwa mwenye bucha. Basi kazi yangu ikawa kuhesabu pumzi. Ng'ombe akilala, nilipiga kelele "Moja!", "Mbili!", na kabla sijafika tatu Baba alikuwa ameshamkunja mkia, amemziba pua, amemkamata bega na kumsimamisha. Niliipenda kazi hiyo kuliko shule.

Owuor alinizidi miaka kumi. Alikuwa chuo fulani cha ufundi Homa Bay akisomea ujenzi, na huko ndiko alikoingia kwenye raga, kwa sababu mwalimu mmoja alimwona akibeba mifuko miwili ya simiti kwa mara moja. Alikuja nyumbani mwisho wa mwezi masikio yamevimba kama maandazi, na Mama akalia, na yeye akacheka. Nilimpenda kaka yangu kupita kiasi. Alikuwa mtu mkubwa asiyejua kugombana. Hata kuku wa Mama walilala kwenye viatu vyake.

Jioni moja, tukila, alitueleza skramu. Nyumbani tulizungumza Kijaluo, lakini nayaweka hapa kwa Kiswahili. Alisema watu wanane wanafungana mabega na kusukumana na wanane wengine. Watatu wa mbele ndio wanaogusana na adui, na vichwa vyao vinapishana kama vidole vya mikono miwili. Yeye alicheza mbele, kushoto.

"Wa kushoto ana nafuu," alisema. "Sikio moja liko nje, napata hewa. Wa kulia kichwa chake kinaingia katikati ya watu wawili, kinabanwa huku na huku. Pale ni pa mwenzangu Chacha. Mimi siwezi."

Baba alikuwa anachambua miiba ya samaki. "Kulia," akasema, akiitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia jina la rafiki. Sijui kama alisikia mengine. Nimejiuliza mara nyingi.

Siku aliyokwenda kumtazama kwa mara ya kwanza alinichukua, kwa sababu ya jicho langu. Timu ya Owuor ilisukumwa mchana kutwa hadi nikaona aibu. Mechi ilipokwisha Baba alimwendea yule mwalimu, kijana mpole aliyetoka mbali na asiyejua Kijaluo, ambaye nadhani raga yenyewe aliijua zaidi kwa kuitazama kwenye simu, na akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mwalimu, hii watu yako iko na nguvu. Lakini hawajafungwa nira sawa."

Mwalimu alicheka kwa adabu. Baba hakucheka. Akawasimamisha wale vijana wawili wanaosukuma kutoka nyuma, akaonyesha kwamba mmoja alikuwa na mapaja marefu na mwingine mafupi, kwa hiyo mmoja anasukuma na mwingine anasukumwa. Akachagua wengine wawili. "Huyu na yule." Mechi iliyofuata wapinzani walirudi nyuma kama mlango uliofunguliwa. Baada ya hapo hapakuwa na mechi ambayo mwalimu hakumpigia simu. Vijana wakaanza kumwita Jaduong', mzee wetu, na kumletea kiti cha plastiki.

Kazi ikaongezeka. Sasa kabla ya mchezo Baba na mimi tulitembea pembeni mwa uwanja wageni wakipasha misuli moto, tukawasoma mmoja mmoja, nani atamshinda nani. Huyu ana magoti ya mzee. Huyu anapumua kwa mdomo. Huyu mkubwa anajipenda, atachoka mapema. Baba alimpelekea mwalimu habari: fulani ataweza, fulani hataweza, huku sukumeni, huku shikilieni tu. Mara tatu mfululizo ikawa hivyohivyo. Mimi sikushangaa hata kidogo. Tulikuwa tumesema; wangefanyaje zaidi ya kufuata?

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulisikia la mkuu, tena tulilisikia vizuri sana, na kilichovunjika si guu.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali na upepo ulileta harufu ya omena, dagaa wetu, waliokuwa wakianikwa kule chini ziwani. Wageni walifika na basi. Katikati yao alishuka mtu ambaye sijawahi kuona mfano wake, shingo imeanzia masikioni. Watu wao walikuwa wakimwimbia: Tingatinga! Tingatinga! Mwalimu alituonyesha karatasi ya majina. Tingatinga alikuwa anacheza mbele, upande unaomkabili Owuor.

Nilikuwa nimemshika Baba mkono na nilihisi vidole vyake vimekaza. Alimtazama Tingatinga kutoka nyuma, miguu kwanza, halafu shingo, kama kawaida, na mara ya kwanza maishani mwangu hakuniuliza ninaona nini. Mimi mwenyewe niliona kwamba kaka yangu angekunjwa.

"Na huyu wa upande ule mwingine?" Baba akauliza baadaye. "Atakayemkabili Chacha?"

Huyo alikuwa mtu mdogo. Kwa mchezaji wa mbele alikuwa mdogo kabisa, miguu myembamba, mabega yameshuka. Wenzake wakiruka na kupiga kelele, yeye alikuwa amekaa peke yake kwenye nyasi akifunga kamba za njumu, akizifungua, akizifunga tena. Alipiga miayo mara mbili. Ng'ombe anayepiga miayo asubuhi ya kazi huna haja hata ya kumfunga.

"Huyo hata ndama anamsukuma," nikasema.

Baba akacheka. Alicheka kwa sauti, vidole vyake vikalegea, akanisugua kichwa. Nilifurahi jamani. Nilikuwa nimemtoa baba yangu kwenye hofu kwa maneno manne, na nikaona kwamba nimemwokoa na kaka yangu pia.

Akaenda moja kwa moja kwa mwalimu. "Badilisha. Chacha aende kushoto, ashike hiyo tingatinga. Owuor aende kulia."

"Jaduong'," mwalimu akasema, "Owuor hajawahi kucheza kulia. Hata siku moja."

"Ndio maana naweka yeye huko. Mgeni anawekwa kwa mtaro."

Chacha alikuwa pale anajifunga plasta masikioni. Alikuwa Mkuria wa Kegonga, mkubwa kuliko wote chuoni, mtu wa maneno machache, na baba yake naye alikuwa na maksai. Owuor alisema walikuwa wakisimuliana ng'ombe usiku mzima bwenini. Akasimama kwa heshima. "Mzee, samahani. Hata kwetu tunalima na ng'ombe. Lakini ng'ombe hakuna mwenye anamsukuma na uso. Anavuta tu, mbele yake ni shamba. Huko kulia kichwa inabanwa. Si mchezo huko."

Baba alimpiga bega kwa upendo. "Wewe ni mkubwa, shika mkubwa mwenzako. Hiyo ni tingatinga, na mimi najua tingatinga. Ikipata matope inazama."

Watu wakaangua kicheko. Matrekta yalikuwa yameanza kuja kwetu wakati huo, na kila aliyekuwa na plau ya ng'ombe aliyatukana. Mwalimu akamtazama Owuor, na Owuor akatazama chini. Kama angekuwa kijana mkorofi angekataa. Lakini kumpinga baba yako mbele ya watu, na wageni wakisikia, hilo halikuwa jambo la kaka yangu. Alinigeukia mimi.

"Nyaminwa, umemwona?" Dada yetu, umemwona. Ndivyo alivyoniita alipotaka kunichukulia kama mtu mzima.

"Ni mwepesi," nikamwambia.

Akaweka kile kiplastiki cha kukinga meno mdomoni, akaenda.

Skramu ya kwanza ilikwenda salama na nilimtazama Baba kwa ushindi. Ya pili Owuor aliinuka akishika shingo, akiizungusha. Chacha alimwambia kitu, Owuor akatikisa kichwa. Sasa mimi ni mtu mzima na ninajua ambacho sikukijua: kwamba kwa watu wanaosukumana uso kwa uso, mdogo ndiye wa kuogopwa, kwa sababu anaingia chini. Yule mtu aliyekuwa akipiga miayo aliijua kazi yake kama Baba alivyojua yake. Hatukuwa tumekosea kumsoma, miguu yake ilikuwa myembamba kweli. Tulimsoma kama mtu wa kuvuta.

Skramu ya tatu mabega yalipogongana nilisikia mlio, kisha wote wakashuka chini kwa pamoja upande wa kulia. Refa akapiga filimbi. Wakaanza kuamka mmoja mmoja, wakijipangusa vumbi. Yule mdogo aliamka. Owuor hakuamka.

Alilala kifudifudi, mikono pembeni. Mimi nilikuwa nimeshakimbia hadi karibu, hatua tatu hivi, kwa hiyo nilimwona vizuri kuliko watu wengi. Mguu wake wa kulia ulisogea. Njumu ilikwaruza udongo, ikatulia, ikakwaruza tena. Nikashusha pumzi. Nikajua amechoka tu. Amejilaza.

Refa alikuwa anapiga kelele, "Asiguswe! Asiguswe!" Dada wa huduma ya kwanza alikuwa anakuja mbio kutoka upande wa pili wa uwanja na sanduku lake. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kuhesabu. Nilihesabu kwa nguvu, ili Baba asikie.

"Moja!"

Baba alinipita. Sikujua kwamba anaweza kukimbia hivyo.

"Mbili!"

"Mwinueni!" alikuwa akisema. "Asilale! Asilale hapo!" Chacha alimkamata shati, akasema, "Wacha, mzee, wacha!" na shati likachanika. Baba aliingiza mikono chini ya makwapa ya Owuor na kumsimamisha kwa nguvu ileile iliyosimamisha ng'ombe. Mwili ulikuja. Kichwa hakikuja nao, kilibaki nyuma kidogo, halafu kikaanguka mbele. Na miguu ikaburuta, yote miwili, vidole vikitazama nyuma.

Sikufika tatu.

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya upole. Alisimama miguuni pa kitanda na faili, akauliza swali moja kwa makini sana: alipokuwa bado amelala pale chini, kabla hajainuliwa, je, aliweza kusogeza miguu? Alimtazama Baba alipouliza. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi na lile shati lililochanika. Owuor alijibu kabla yake. Shingo ilikuwa imefungwa, alizungumza akitazama dari.

"No, daktari. Nilipoanguka tu, miguu iliisha. Hapo hapo. Kabla mtu hajanigusa." Kisha akayarudia kwa Kijaluo, polepole, neno moja moja, ingawa daktari hakuhitaji Kijaluo.

Nilidhani amesahau. Niliona kaka yangu kajigonga kichwa na amesahau, na kwamba daktari akipata habari mbaya atampa dawa mbaya. Nikafungua mdomo. "Lakini mguu..."

"Atieno," Owuor akasema, "niletee maji."

Nilipoleta maji daktari alikuwa ameshaandika. Owuor hakuyanywa. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba hakuwa na kiu, na nilipoelewa nilikuwa mkubwa kiasi cha kunyamaza.

Miaka iliyofuata sitaihesabu. Alikuwa kijana mtu mzima mwenye simba yake, ile nyumba ndogo ambayo kila kijana wa Kijaluo hujenga langoni mwa boma, na mwiko ni mwiko: hawezi kurudi kulala nyumbani kwa mama yake, na mama hagusi kitanda cha mwanawe aliyekomaa. Kwa hiyo tulimlaza katika simba yake na Mama aliketi mlangoni, akatwanga, akachambua mboga, akamsimulia habari za soko bila kusogea karibu na kitanda. Kumgeuza lilikuwa jukumu la Baba na mimi. Asubuhi, mchana, jioni, Baba mabegani, mimi miguuni. "Twende," Baba alisema, nasi tukamgeuza. Ilikuwa sauti ileile aliyowapa maksai na Owuor alikuwa akitania, "Nyinyi wawili mtanilimia lini?" Aliendelea kutania muda mrefu. Kisha akaacha.

Watu walikuja na maombi. Mhubiri mmoja alituambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nikatoka nje nisije nikamtukana. Chacha alikuja kila likizo, akakaa, wakasimuliana ng'ombe, hadi akapata kazi mbali na safari zikapungua, na simlaumu. Kiti cha magurudumu kililetwa na kanisa, kikakaa kwenye mvua kwa sababu njia ya kwetu ni mawe matupu. Vidonda vya mgongoni vilianza, vikapona, vikaanza tena. Jua langu la ujana wote nililiona kupitia mlango wa ile simba. Siombi mtu anihurumie. Naeleza tu jinsi ilivyokuwa: kila tulichoshika kiliponyoka.

Baba hakufunga nira tena. Waliomletea maksai aliwaambia macho yake yameharibika. Hawakumwamini, kwa sababu alikuwa bado anaona mwewe angani kabla ya kuku. Hakuniuliza tena ninaona nini. Mara chache, wageni walipokuwepo na wakauliza ilikuwaje, Owuor alirudia hadithi yake: nilipoanguka tu, hapo hapo, kabla mtu hajanigusa. Aliisema vizuri, na kila mara Baba aliinuka akaenda kutazama kitu nje. Nilidhani ni uchungu. Nilishukuru kwamba angalau hilo moja Owuor alikuwa amempa baba yetu, na kwamba sisi wawili, mimi na yeye, tulikuwa tumelitunza.

Vidonda ndivyo vilivyomaliza. Homa ilipanda siku nne, damu ilikuwa imeshachafuka. Hakusema neno la kukumbukwa. Aliomba ageuzwe, tukamgeuza, na tulipomaliza alikuwa amekwenda.

Siku ya tatu baada ya mazishi, mahema yakiwa yameondolewa na wageni wengi wameshaaga, nilikuwa naosha sufuria kubwa nyuma ya jikoni. Ilikuwa adhuhuri. Baba alikuja, akavuta kigoda, akakaa karibu yangu, kitu ambacho hakuwahi kufanya kwa mwanamke anayeosha vyombo. Amezeeka. Mikono yake ilikuwa haijui iende wapi.

"Nyathina," akasema. "Wewe ulikuwa na jicho."

Niliendelea kusugua.

"Siku ile, ulikuwa karibu kuliko mimi. Nataka kukuuliza kitu kimoja, sitarudia tena. Kabla sijamwinua. Mguu wake ulisogea?"

Niliweka sufuria chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo tangu utoto, na jibu lilitoka bila kukwama. "Haukusogea, Baba. Na yeye mwenyewe alisema. Miguu iliisha palepale alipoanguka. Hukumfanya lolote."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, mara nyingi. Kuku walikuja kudonoa makombo kwenye maji ya sabuni, naye aliwaangalia kwa muda, kisha akaniangalia mimi usoni, kwa huruma, kama vile mimi bado ni mtoto.

"Mimi niliuona," akasema. "Ulikwaruza udongo mara mbili. Ndipo nikajua anaweza kusimama."